Sifuri Mbili

Ibra, mwezi wa nane, saa nne asubuhi,
na sakafu ya darini inapika nyayo kupitia ndara.
Fundi wa jana kasema kompresa imekufa,
riali mia na sabini, na kahawa yetu akanywa.
Mama yuko chini, kajitanda kanga iliyolowa:
"Zayana, lipa tu. Maiti haulizwi hali."

Nimepanda na mita yangu ya njano,
ile ya maabara ya skuli, kioo kimeatuka pembeni,
na Muhannad, mtoto wa dada, kabeba bisibisi.
Nazungusha gurudumu hadi volti ya wimbi.
Waya mweusi naubana kwa kibanio,
mwekundu naushika, mkono wa kushoto mfukoni:
umeme ukinitaka, namwambia,
usipate njia ya moyo.

Sifuri.

"Hamna moto," anasema, na kidole kishanyooka.
Nampiga kofi la mkono, kali kuliko nilivyokusudia.
Iko sifuri ya waya na iko sifuri ya mita,
na zote mbili huandikwa vile vile.

Tunashuka hadi plagi ya friji,
friji inayonguruma, ambayo hakuna anayeitilia shaka.
Sifuri.
Kumbe ni wewe, mwongo wangu wa njano.
Waya mwekundu umekatika ndani ya ganda lake,
nje mzima, kama nyumba yetu wageni wakija.

Nabadili waya. Friji: mia mbili thelathini na nane.
Darini: mia mbili thelathini na nane.
Muhannad anakitazama kidole chake
kama kitu alichorudishiwa.

Ndipo nazima swichi kubwa,
fyuzi naitia mfukoni,
naupima tena ukimya wenyewe,
maana omu haziulizwi penye moto.
Kapasita naigusisha bisibisi, inatema cheche.
Koili za kompresa: tatu, nne,
na ncha kwa ncha saba.
Hesabu ya aliye hai.
Kapasita ubavuni imeandikwa thelathini na tano;
mita inasoma mbili.

Riali tatu na nusu, duka la Sufala.

Adhuhuri, kutoka chini, sauti ya Mama:
"Maiti anapumua!"

Na magharibi namkuta Muhannad, ulimi nje,
mkono wa kushoto mfukoni,
anapima betri ya saa ya ukutani,
kisha betri mpya, ingali na karatasi yake,
kisha ya saa tena.
Simwambii kitu.
Kaanzia vibaya, lakini kaanza.