Deni la Koti

Kabla ya kumzika, kaka aliuliza kama ilivyo ada:
anayemdai marehemu ajitokeze.
Akajitokeza muuza sukari, shilingi elfu nne,
na fundi baiskeli, aliyesamehe papo hapo.
Usiku mama, yumo edani, akafungua kasha.
"Na hili si lake."

Koti la sufi, jeusi, zito kama mtoto aliyelala.
Vifungo vitano. Cha sita, uzi tu.
"La Faki Mbarouk, wa Mkoani.
Aliliazima huko kwenye barafu."

Basi nikapanda boti ya asubuhi
nimelipakata, Februari, jasho linanitiririka,
na bibi wa kiti cha pili akanihurumia:
"Una homa, mwanangu?"

Mkoani unaupanda kabla hujaufika.
Gati chini, hospitali juu,
na katikati nyumba zimejishika kilima kwa kucha.
Kila niliyekutana naye nilimuuliza,
na kila mmoja alinirudisha nilikotoka:
"Faki Barafu? Umempita."

Alikuwa bandarini, kibanda cha mabati,
akipasua mabonge kwa mtaimbo, fulana imeroa,
wachuuzi wa vibua wakimgombeza.
Nikamtajia jina la baba. Akaendelea kupasua.
Nikalikunjua koti.
Akaweka mtaimbo chini.

"Mji ule ulikuwa na njia moja, kama huu.
Bahari mbele, milima mgongoni,
duka moja, mbwa wengi, msikiti hakuna.
Mtambo wa meli ulikufa, tukakaa siku kumi na moja.
Kati ya milima umeteremka mto, umeganda vile vile ulivyokuwa ukienda,
buluu, lakini si ya bahari:
ya kanzu iliyozidishiwa nili.
Ukipasuka, mzinga wa Idi!
Na baba yako kila ukilia anaruka: Mwezi umeandama!
Maana ilikuwa Ramadhani,
na jua, wallahi, halichwi.
Linazunguka pembeni tu, kama paka jikoni.
Tukabishana tufuturu lini.
Baba yako akatazama saa yake, hakuwahi kuibadilisha,
akasema, sisi tutafungua na watu wa kwetu.
Saa kumi na mbili na nusu ya Unguja
jua linatuchoma macho
tukala tende mbili mbili
na supu ya samaki nisiyemjua jina mpaka leo."

"Na koti?"

"Alikuwa na zamu, na homa. Nikamvisha.
Kisha kila mtu na meli yake."

Akanyamaza. Mchuuzi mmoja akajipimia barafu mwenyewe.

"Sikuwa nikimdai," akasema.
"Nilikuwa nikimngoja alilete."

Akatia mkono mfukoni, ukatoka na karafuu,
mama alizibadilisha kila mwaka, nondo wasile.
Akazinusa. "Hizi za huku huku.
Zilivuka bila kibali, na zimerudi bila kibali!"
Akacheka hadi akakohoa,
akakohoa zaidi ya alivyocheka.

Alilijaribu. Halikufunga tumboni.
Akalivua, akalitandaza juu ya mabonge yaliyobaki,
akaiweka sawa kola
kama mtu anayemfunika mgonjwa.
"Gunia huvuja," akasema. "Hili linaijua kazi."

Nilipokuwa napanda boti alinipa bonge dogo, limefungwa mfuko wa plastiki.
"Mpelekee mama yako. Mwambie nimepokea,
na lililobaki nimesamehe."
Sikujua lililobaki ni lipi.

Mbele ya Nungwi lilikuwa ngumi ya mtoto.
Malindi niliteremka na maji.

Mama akaupokea mfuko kwa mikono miwili,
akautundika dirishani, akautazama.
Hakuuliza habari za Mkoani, wala za milima.
"Na kifungo cha sita," akasema, "hakukiulizia?"

Alikuwa nacho,
amekifunga kwenye pembe ya kanga.