Utepe wa Kupimia

Mei, Toledo ya Ohio. Kanisa limefungwa,
nami mwenye funguo nikapewa utepe na chaki ya buluu:
pima futi sita, benchi hadi benchi,
ili tukirudi kila mtu ajue pumzi yake inakomea wapi.

Nilipima peke yangu, barakoa imelowa,
hatua zangu zikinirudia kutoka darini kama za mtu wa pili.
Benchi la Dorothea Kimbrough, alama.
Benchi la akina Lindqvist, alama.
Benchi la shemasi Alonzo, tuliyemzika Aprili
tukiwa ndani ya magari, vioo juu,
tukimlilia kwa taa za mbele.
Hapo chaki ilivunjika. Nikapita.

Jumapili tulisali penye maegesho.
Mchungaji Renata alipanda nyuma ya pikapu,
sauti yake ikatufikia kwa redio, ikikwaruza,
na kwa kuwa kuimba kulikatazwa, "Amina" ikawa honi.
Mara ya kwanza tulicheka.
Mara ya tatu mbwa wa jirani akaokoka.

Kisha Tavaris.
Miaka kumi na tisa, mpiga besi wetu,
alisimamishwa kwa taa ya nyuma iliyoungua.
Bibi yake alitusimulia akiwa ameshikilia mlango wa gari:
aliomba hewa, akaiomba kwa adabu, "tafadhali, bwana,"
kama tulivyomfundisha shule ya Jumapili.
Majuma tisa tulikuwa tukiombea mashine za kupumulia,
tukitaja hospitali moja moja.
Lami hatukuitaja.

Mchungaji akasema: ibada ijayo itaanzia hapa,
itaishia mbele ya kituo cha polisi.
Bwana Lindqvist akashusha kioo nusu:
"Tumekuja kuabudu, si kufanya siasa.
Kanisa hili halijawahi kumtenga mtu."

Jumatano nikapanda roshani kumalizia kupima.
Chini ya zulia, mstari.
Rangi nyeupe, umenyooka, kazi ya mkono makini.
Kabatini, daftari la vikao, mwaka wa ishirini na nne:
imeazimiwa weusi waketi juu, nyuma ya mstari.
Nikapekua nikitafuta tauni ya mwaka ule.
Hakuna. Kuna bei ya makaa, na keki za mnada.
Nikaulaza utepe wangu: futi sita kutoka ukingoni,
wasionekane na walio chini.
Kumbe kazi hii nimeirithi.

Jumapili nikalisoma lile daftari,
mimi ambaye sijawahi kupewa kipaza sauti.
Hakuna honi.
Upepo ulizivuta kurasa, ukitaka nimalize upesi.
Ndipo ikalia moja, ndefu, isiyopumua:
Gunhild Lindqvist, miaka themanini na moja,
kiganja juu ya usukani wa mumewe,
naye akijaribu kumbandua vidole.
Katibu aliyeandika alikuwa baba yake.
Akashuka na kigari chake cha kutembelea.
Mume akaondoka na gari. Hajarudi bado.

Tulitembea kwa futi sita sita,
watu arobaini na watatu tukajaza mtaa mzima;
ugonjwa uliotutawanya ndio uliotufanya tuonekane wengi.
Mbele, bibi yake Tavaris,
besi ya mjukuu begani, haijachomekwa popote.

Chaki imekwisha kufutika kwa viatu.
Mstari upo.
Kamati imekaa mara mbili: ufutwe, usifutwe.
Ndoo ninayo, na brashi ninayo,
lakini Dorothea kanipigia simu, kaniambia subiri:
"Siku tukiruhusiwa kuimba nitapanda huko juu,
magoti haya haya,
niketi mbele ya huo mstari wao,
nining'inize miguu ukingoni
nikuone unafagia."