Kopo la Nta

Kayole, stima hupotea bila kuaga,
basi situpi kitu:
machozi ya mshumaa yaliyoganda sahanini
nayakwangua kwa kisu butu,
nayatia kwenye kopo la maziwa ya unga.

Jumatatu zipu ya Kwamboka ilikwama.
Nikaipaka nta kidogo, ikateleza kama umbea.
Droo nayo imeacha kulia.

Leo nimeyeyusha yote juu ya jiko:
kipande cheupe cha Pasaka,
vile vyekundu vya keki yake ya miaka sita,
na kile kigutu cha matanga ya babake.
Utambi ni kamba ya kiatu chake,
cha kushoto.

Mshumaa umetoka rangi ya ufizi.
Kwamboka anaunusa, anauliza keki iko wapi.
Namwambia tungoje
stima ipotee.