Mlinzi wa Orrin

Jengo bado lipo, ubavuni mwa duka la viatu lililofungwa,
na juu ya mlango herufi za chuma: MLINZI WA ORR N.
Ile I ilianguka kipupwe cha mauzo ya pili;
hatukujua tena ni kazi ya nani kuiokota.

Alianza Anders Lindqvist, seremala
aliyekatwa vidole viwili na msumeno wake mwenyewe,
akanunua mtambo kwa ng'ombe watatu na deni.
Toleo la kwanza, kurasa nne: bei ya ngano,
daraja lililobomoka, na matusi kwa meya,
ambaye alikuwa shemeji yake.
Jumapili walikula meza moja, kimya,
wakipitishiana chumvi.

Mwanawe alirithi mtambo na deni.
Mjukuu, Hedda, alirithi mtambo, deni, na ulimi.
"Unajua tahajia?" aliniuliza.
Nikasema najua. "Basi utakaa na wafu."
Miaka thelathini na moja niliandika tanzia:
nani kafa, kamwacha nani, maziko saa ngapi,
viazi vitapikwa na akina mama wa kanisa lipi.
Nilikosea mara moja,
nikamzika Norbert Pruitt badala ya nduguye Hubert.
Alikuja mwenyewe asubuhi, kofia mkononi,
akaomba nakala sita.

Hedda akazeeka. Wanawe walikuwa mbali, wakiuza bima.
Ikaja kampuni yenye magazeti arobaini,
ikatuletea keki, ikaapa hakuna kitakachobadilika.
Mtambo ulihamishwa kwanza, maili tisini.
Tangu hapo mtaa wetu haukutetemeka usiku,
na mimi niliyelalamikia mtetemo ule maisha yangu yote
nikaanza kukosa usingizi.

Kampuni ikauzwa kwa kampuni,
nayo ikamezwa na mfuko wa wawekezaji
wenye jina kama la dawa ya kikohozi.
Mtu hatukumwona. Barua tuliziona.
Akaondoka mpiga picha, kisha mwandishi wa michezo,
kisha saa ya ukutani.
Habari zetu zikawa zinapangwa na kijana wa mji mwingine
aliyeuweka mto wetu mashariki.
Mto wetu uko magharibi. Hata bata wanajua.

Usiku baraza la mji lilipouza chemchemi,
ukumbini kulikuwa na viti hamsini na mzee mmoja anayesinzia.
Zamani kiti cha mbele kilikuwa cha Hedda;
kalamu yake ilipogusa karatasi,
wajumbe walikohoa.

Hedda alikufa Februari.
Siku hizi Mlinzi hutoza tanzia kwa mstari.
Familia ililipia minne.
Nikakaa jikoni kwangu nikaandika mia na kumi,
nikatoa nakala maktaba, senti kumi ukurasa,
nikabandika posta, kwa kinyozi, mlangoni pa baa ya Delphine.
Hadi jioni watu walikuwa wamesimama thelujini, wanasoma,
na mmoja akavua glavu, akachomoa kalamu,
akanisahihishia jina la mbwa wa marehemu.