Neno la Mwisho Mstarini

Saa nane na robo usiku, Barabara ya Lusaka.
Nimevaa koti la kahawia linalonipwaya mabegani,
maana baridi ya chumba cha mitambo
haijui kwamba nje ni Machi.
Bohari nne za mbegu: Kitale, Kisii, Meru, Nyahururu.
Taa zote kijani.

Nabisha hodi Kitale: inaitika.
Kisii inaitika kwa kuchelewa kidogo,
kama mtu aliyekuwa akinawa mikono.
Meru, naam. Nyahururu, naam.
Ila Kitale haijapata kusikia
kwamba duniani kuna Meru.

Ochwada aliniachia daftari lenye madoa ya chai:
*Kerubo, mtandao huu hauna uwanja.
Ni vichochoro, kila kimoja na namba yake,
na kila kimoja kina watu wawili tu.*
Mbiu ya mgambo ikilia huku
haina jambo. Inaishia ndani ya pembe.

Basi ruta yangu lazima iseme neno lile lile
mara nne, kwa masikio manne.
Naandika: anwani, namba ya kichochoro,
na mwishoni neno alilolisahau mtu wa zamu ya mchana,
neno ambalo kwa lugha ya mashine
maana yake ni *tangaza*.

Mara nne.
Mwaka ule nilisema mara kumi na moja,
kibanda cha simu nje ya Posta, sarafu mkononi zina jasho:
Baba ametutoka. Baba ametutoka.
Kila waliponyanyua simu kule
nikaanza upya, kana kwamba na mimi
ndiyo kwanza naambiwa.

Bado kimya. Kuna adabu moja imebaki:
ulilolisikia mlangoni
usilirudishe kwa mlango huo huo.
Adabu njema kwa majirani,
lakini hapa bohari zote nne zinapitia mlango mmoja.
Naizima. Mama angenikemea.

Kisha foleni ya matangazo. Waya ni mwembamba,
kilobiti sitini na nne, na huu ni msimu wa kupanda.
Nayapimia kijiko kwa kijiko,
habari zisije zikaziba ankara za mahindi.

Nangoja.
Sekunde thelathini ni nyingi ukiwa umesimama.
Kitale inaiona Meru.
Meru inaiona Kisii.
Mlinzi Lekuta anachungulia: "Imeshika?"
"Bado moja."

Wa kumi na mbili sikumpigia.
Fundi cherehani wa Nyahururu, rafiki yake wa ujana,
alifika wiki mbili baada ya mazishi
na koti la kahawia, jipya, limekunjwa ndani ya gazeti,
akauliza mzee yuko wapi, alipime.
Alisimama mlangoni muda mrefu.
"Hakuna aliyeniambia," alisema,
akanipa mimi.

Nakunja mikono ya koti mara mbili
nifikie kibodi.
Nyahururu, mstari wa mwisho,
imejua.