Ukwaju Ndani ya Tangi

Tangu arubaini ya baba, gari lake,
kirikuu cha kubebea magunia, limelala
uani kwetu Limbani, pua imeelekea banda la kuku.
Juzi nililiamsha kwa betri ya kuazima:
likakohoa hadi Bopwe, likakata pumzi,
likasukumwa nyumbani na watoto wa chuoni,
kila mmoja akidai kashata yake.

Fundi Sheha akafungua kabureta,
akajimiminia kiganjani petroli ya rangi ya mkandaa.
"Tangi limeoza. Agiza jingine Unguja,"
akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa taazia.

Basi Ijumaa, baada ya sala, nikavua kanzu,
nikaingia chini kwa mgongo, juu ya jamvi bovu.
Kwanza petroli: nikainyonya kwa mpira, nikatema,
nikanyonya tena, mpaka ulimi ukawa si wangu.
Halafu mikanda miwili ya bati, nati nne.
Tatu zilikubali kwa mafuta na Bismillahi;
ya nne ilitaka ngozi ya vidole viwili.
Waya wa geji baba aliufunga kwa uzi wa mshipi.
Nikaufungua kama mtu afunguaye barua ya mwenziwe.
Tangi likanishukia kifuani
zito, kama mtoto aliyelala.

Bi Time, jirani, akatokea na chetezo:
"Harufu gani hii? Nije nifukize."
"Rudi! Rudisha moto huo jikoni!"
Alirudi kinyumenyume, udi ukimfuata,
na mpaka leo salamu yangu huijibu nusu.

Nikalisafisha kwa maji na sabuni ya unga,
nikatia kokoto na mnyororo wa baiskeli, nikatikisa
hadi kuku wakahamia ua wa pili.
Yakatoka magamba ya kutu, mchanga, mende mmoja mkavu.
Kutu yenyewe ilibaki imekaa, kama mwenye nyumba.

Ndipo mama, anachambua karafuu barazani,
vikonyo huku, karafuu kule, bila kuinua macho:
"Sinia langu la shaba nalisugulia nini mkesha wa Idi?"
"Ukwaju."
"Na hilo lina utukufu gani hata likatae?"

Akaroweka kilo mbili, akakamua kwa mikono yake,
tukalijaza, tukaliziba mdomo kwa kitambaa.
Siku mbili tuliligeuza juani,
ubavu huu, ubavu huu,
kama mgonjwa asije akafanya vidonda.
Ya tatu nikamwaga: uji mweusi.
Nikasuuza mara saba, nikachungulia:
cheupe, kimya,
sufuria ya bibi harusi.

Nilipolipindua likauke, nikaona,
penye mshono wa chini, kipande cha sabuni ya mche,
kigumu kama jino, kimeziba tundu
lisilozidi punje ya mtama.
Magunia yote yale, Konde, Gando, Ukunjwi,
yamepita juu ya sabuni hii.
Na juu yake dole gumba la baba:
mistari yote, hata kovu la panga.

Picha zake hatuna nyingi.
Nikakibandua polepole kwa ncha ya kisu,
nikakiweka ukingoni mwa kisima.
Tundu nikaliziba kwa gundi ya chuma, tabaka mbili,
nikaliacha mpaka kesho yake.

Jumatano nikalirudisha. Gogo, jeki, mikanda, mipira mipya,
geji kwa uzi ule ule wa mshipi.
Lita tano. Ufunguo.
Likakohoa mara moja, kwa ada tu,
kisha likaunguruma, na kuku
waliokuwa ndiyo kwanza wamerudi, wakahama tena.

Mama yuko kisimani, ndoo tayari.
Akanishika viganja, akavipaka sabuni,
akasugua ukucha kwa ukucha.
Povu lilikuwa la kijivu, halafu jeupe.
"Mama, hiyo ilikuwa…"
"Najua ilikuwa nini. Nilimpa mimi.
Lete mkono wa kushoto."