Nguzo ya Saba

Wametujengea banda la kumbukumbu, bustanini Raskazone.
Nguzo nane nyeupe, mtindo wa Wayunani wa kale,
alivyosema mhandisi, picha mkononi:
"Hivi ndivyo taifa linavyokumbuka."
Sijui taifa linakumbuka vipi.
Mimi najua chokaa.

Najua mchanga wa pwani, usipouosha mara tatu
plasta itatoka jasho masika ya kwanza.
Najua nguzo zile ni makalavati yaliyosimamishwa wima,
nikayavika marumaru ya uongo:
simenti nyeupe, unga wa mawe ya Amboni,
na mifereji niliyoikwangua kwa msumeno uliokatika,
ishirini kila nguzo, goti likilia.

Juu, kwenye kilemba cha nguzo, walitaka majani.
Nikauliza: majani gani?
Mhandisi akapekua picha zake, jina halijui.
Nikaweka mkonge.
Siku ya ukaguzi walipiga makofi.

Ukutani majina arobaini na moja.
Shekiondo kayachonga, mkono wake hautetemeki,
hata nukta kaitia dhahabu.
Nikalitafuta la babu kwa kidole, kama kipofu,
nikijua halipo.

Babu alishushwa hapa na treni, mtoto wa Kibondo,
akapewa namba kabla hajapewa sahani.
Kule shambani hakuna aliyemwita Ntabaye.
Waliita elfu mbili mia sita na nne,
naye akaitika.
Bibi anasema hata usingizini aliitika.

Siku ya nguzo ya saba kamati walikwenda chai.
Nikatoa kipande chake, karatasi rangi ya kutu,
visanduku thelathini vya siku thelathini za kazi,
vitatu havina mhuri
(homa, alisema bibi; uvivu, aliandika nyapara).
Nikakifunga kwa nailoni ya maziwa,
nikakishusha kwenye tumbo la kalavati,
nikamimina zege.
Sikuomba dua. Zege ilikuwa inakauka.

Jumamosi maharusi huja kupiga picha.
Huegemea ya saba, ina kivuli kizuri.
Shela hunasa kwenye miba ya mkonge, hucheka, hunasua.

Masika yameingia.
Jana mhandisi kanipigia:
"Fundi, nguzo saba kavu, moja inatoka jasho.
Mchanga wake hukuuosha?"

Niliuosha, bwana.
Mara tatu.